Kompyuta ya Vipande

Shinyanga, Jumapili, mwezi wa nane, 1987. Alasiri.

Upepo umevuma tangu asubuhi, na vumbi limeingia mpaka ndani ya kabati la vyombo. Mbingu ni nyeupe tu, hakuna wingu hata la kudanganyia. Malori ya pamba yanapita barabarani kana kwamba si Jumapili. Nimefunga madirisha yote, nimekaa jikoni juu ya kigoda na daftari hili magotini. Masanja yuko nje. Alitoka baada ya chakula cha mchana, akishika ukuta.

Nimemdanganya mume wangu. Nilimdanganya jana, nikarudia leo, na katikati ya uongo huo nikaenda kanisani nikapokea Komunyo.

Sijawahi kuandika jambo la namna hiyo humu. Acha niliandike lote, tangu lilipoanzia, maana nikiliacha kichwani litaniozea.

Mwaka jana, Padre Willem alipokuwa anajiandaa kwenda likizo kwao Uholanzi, alituletea habari kwamba waumini wa parokia yake ya nyumbani wamechanga zawadi kwa ajili ya shule yetu ya wasichana. Zawadi yenyewe ni kompyuta moja. Sista Domina, mkuu wetu wa shule, alikuwa hajawahi kuiona kompyuta. Mimi ninayefundisha hesabu nilikuwa nimeiona kwenye gazeti. Mtu pekee tuliyemjua aliyewahi kuigusa alikuwa Masanja. Ujanani alisomea mambo ya elektroniki miaka miwili huko Chekoslovakia, na baada ya hapo alikuwa fundi wa redio za mawasiliano pale uwanja wa ndege wa Ibadakuli. Kwa hiyo Padre akaja nyumbani kwetu na karatasi mbili.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na picha ya kompyuta iliyokwisha kutengenezwa, ukubwa wa Biblia ya altareni, na vitufe vyake vyote. Unaichomeka kwenye umeme, unaiunganisha na televisheni, inafanya kazi siku hiyohiyo. Karatasi ya pili ilikuwa orodha ya vipande: bodi tupu, nyaya, vidude vya kila aina ndani ya vifuko. Hiyo unaijenga mwenyewe. Bei yake ilikuwa nafuu kidogo, na Padre alisema tofauti hiyo ingetosha kuleta vitabu. Lakini yeye mwenyewe alipenda ile nzima, na hakuficha.

"Mwalimu," aliniambia, "kwetu vijana wengi hununua vipande. Wengi wao wanavyo mpaka leo ndani ya sanduku."

Sista akaniachia mimi uamuzi. Alisema mwalimu wa hesabu ni mimi, na anayeijua mashine hiyo yuko nyumbani kwangu, basi nani mwingine aulizwe?

Siku zile Masanja alikuwa na wiki tatu tu tangu apewe barua ya kustaafishwa kwa ugonjwa. Kisukari kilikuwa kimeingia machoni. Daktari wa Mwanza alituambia bila kuzunguka kwamba mishipa ya nyuma ya macho inavuja damu, kwamba jicho la kulia litatangulia na la kushoto litafuata, na kwamba hakuna la kufanya. Labda mwaka mmoja, labda usifike. Tuliporudi kwa treni, Masanja alikaa dirishani akawa anataja kila alichokiona. Majabali. Ng'ombe watano, mmoja kilema. Mwanamke mwenye khanga ya kijani. Alitaja hivyo mpaka tukashuka Shinyanga, na abiria waliokaa mbele yetu wakadhani ana homa.

Nilipomuuliza kuhusu zile karatasi mbili, hakunibembeleza. Angenibembeleza, labda ningekataa. Alisema ile nzima ikifa hakuna mtu mkoa huu atakayeweza kuifungua, lakini akiijenga yeye atajua kila mfupa wake. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na nitakuwa na kazi ya kuamkia."

Basi. Neno hilo ndilo lililoamua.

Nikamwandikia Padre alete vipande. Nikamwambia Sista kwamba wasichana watajifunza zaidi wakiiona kompyuta ikijengwa mbele yao. Nilisema hivyo huku nikimtazama usoni, na akaniamini, kwa sababu miaka kumi na mmoja sijawahi kumpa sababu ya kutoniamini. Sasa naona kwamba ule ndio ulikuwa uongo wa kwanza. Wa jana ni mtoto wake.

Maana hakuna msichana hata mmoja aliyeketi kwenye meza ile. Masanja hakutaka waguse. Vidude ni vidogo, alisema, kimoja kikianguka sakafuni kimepotea. Nami sikumlazimisha. Kuna mwanafunzi wa kidato cha nne, Nyamizi, ambaye kila wiki ananisubiri mlangoni mwa darasa aniulize imefika wapi. Mwezi uliopita aliuliza swali lingine: "Mwalimu, tutaigusa kabla ya mtihani?" Nikamwambia ndiyo. Mtihani ni Novemba, kisha atarudi kwao Nkome kuanika dagaa na mama yake, na pengine hataona tena kompyuta maishani. Zawadi ile ilikuwa yake. Mimi niliichukua nikampa mume wangu.

Sanduku lilifika Januari. Sista akatutafutia televisheni kuukuu kwa mzungu mmoja wa mgodi wa Mwadui aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Majirani walicheka sana, televisheni ya nini mahali ambapo hakuna picha ya kupokea?

Sitasema kwamba miezi ile ya kwanza ilikuwa mibaya. Ilikuwa mizuri, na hilo linaniuma zaidi. Masanja aliamka kabla yangu. Alipanga vidude vyake ndani ya trei ya mayai, kila aina na shimo lake. Umeme ulipokatika, alipasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa akaendelea. Aliimba. Mwanamume ambaye mwezi wa kumi na mbili alikuwa anakaa kitandani na viatu, Februari alikuwa ananiita kutoka jikoni nije nione mstari mmoja wa vidoti vya risasi vinavyong'aa, vimenyooka kama mshono wa cherehani.

Mwezi wa tano jicho la kulia likazimika. Mwezi wa saba la kushoto likawa ukungu. Mimi nikawa macho yake. Kila siku nikitoka shule nilikaa pembeni yake nikimsomea rangi za mistari kwenye vile vidude viitwavyo rezista: kahawia, nyeusi, chungwa. Nyekundu, nyekundu, njano. Yeye alizigeuza kuwa namba kichwani, akaniambia shimo gani. Nilimshika kifundo cha mkono nikamwelekeza, naye akachoma. Vidole vyake vimejaa makovu. Hatukuwahi kuzungumza kuhusu macho. Tulizungumza kuhusu rezista.

Jana tukamaliza.

Vilibaki vile vidude vyeusi vyenye miguu pande mbili kama tandu, ambavyo havilehemiwi, vinabanwa tu kwenye viti vyao. Kila kimoja kina pengo dogo kwenye ncha moja, na pengo hilo lina upande wake. Kikubwa kuliko vyote ndicho ubongo wa mashine. Masanja alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Pengo lielekee kushoto, Mama Kabula," alisema. "Tazama mara mbili."

Nilitazama mara moja. Nilikuwa na madaftari hamsini ya kusahihisha, maharage yalikuwa motoni, na miezi saba ya mashine ile ilikuwa imenichosha kuliko nilivyokuwa nimekubali mwenyewe. Nikakibana. Yeye akapapasa mpaka akaipata swichi, kwa sababu alitaka kuiwasha kwa mkono wake.

Nikaona uzi mwembamba wa moshi. Ukapanda kutoka kwenye ule ubongo, ukanyooka, ukakatika. Ikaja harufu kama ya nywele zilizoungua. Nikachomoa waya wa kompyuta polepole, bila kelele. Televisheni ilikuwa na waya wake, ikabaki inanguruma na kuonyesha chengachenga nyeupe. Pengo lilikuwa limeelekea kulia.

Akauliza kitu gani kinanuka. Nikamwambia maharage yameshika chini.

Akauliza, "Imewaka?"

Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, kando kidogo ya televisheni, mahali alipodhani ipo. Alikuwa anatabasamu tayari. Nadhani ningekuwa na dakika moja ya kufikiri ningesema kweli. Sikuwa nayo, au sikuitaka.

"Imewaka," nikasema.

Akaniambia niandike KABULA. Ni jina la binti yetu, yuko shule ya bweni Tabora. Nikabonyeza vitufe sita vya mashine iliyokufa. Vililia tik, tik, kama vitufe vizima.

Imeandika? Imeandika.

Akataka kujua jina liko upande gani wa kioo. Nikamshika kidole, nikakiweka mahali patupu. Akakiacha pale muda mrefu huku machozi yanamtoka bila sauti. Nami nikalia, na akadhani ninalia kwa furaha. Akanipapasa mgongo akanishukuru. Alinishukuru kwa kuchagua vipande.

Leo, baada ya Misa, aliniomba nimpeleke kwa Sista Domina. Akamsimulia pale mlangoni mwa kanisa, watu wakasimama kusikiliza, na mimi nimemshika mkono. Sista akapiga makofi. Akasema kesho, wakitoka kwenye mstari wa asubuhi shuleni, atawaleta kidato cha nne wote hapa nyumbani waione. Nyamizi alikuwa nyuma yake amevaa gauni la kwaya. Aliniangalia kwa namna ambayo sijui kama ninaweza kuieleza. Aliniangalia kama mtu aliyeahidiwa akatimiziwa.

Njiani kurudi nilijiambia nitamweleza tukifika. Tulipofika nilijiambia nitamweleza baada ya kula.

Baada ya kula akaniambia niiwashe, tuijaribu hesabu kabla wasichana hawajaja. Nikawasha televisheni ingurume. Akasema arobaini na saba mara thelathini na sita. Nikabonyeza vitufe, na kichwani nikafanya haraka, kama ninavyowafundisha wanafunzi kufanya. Elfu moja mia sita tisini na mbili, nikasema. Akacheka kwa raha. Akaniambia imepiga sawasawa.

Kisha akasema elfu sita mia nane kumi na saba, mara elfu nne mia tatu hamsini na tisa.

Hiyo sikuiweza kwa kichwa. Nikavuta pembe ya gazeti na penseli. Niliandika taratibu, nikibonyeza kidogo sana. Upepo ulikuwa unatikisa mabati, nikafikiri utanificha. Nilikuwa nimefika mstari wa tatu wa kuzidisha alipoinua mkono.

"Hiyo ni penseli," alisema.

Nikaacha kuandika.

"Mashine haitumii penseli, Mama Kabula."

Nikamwambia yote. Pengo, moshi, maharage, kidole chake kwenye kioo kitupu. Nilizungumza bila kupumzika, nikijua kwamba nikinyamaza nitasikia atakachosema. Alisikiliza mikono iko juu ya magoti. Nilingojea hasira. Niliitaka hasira, ingekuwa kitu cha kushika. Aliuliza swali moja tu, pengo lilielekea wapi. Nikasema kulia. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama fundi anayethibitisha alichokuwa amekwisha kukisia.

Nikasema nitamwandikia Padre atutafutie ubongo mwingine. Akanikumbusha kwamba Padre alihamishwa baada ya Pasaka, yuko nchi nyingine, na barua yetu ya mwisho haijajibiwa. Akauliza, hata kikija, nani anajua ni vingapi vingine vimeungua pamoja nacho? Nani atavipima, na kwa macho gani? Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayesoma orodha.

Halafu akasema hili, na ninaliandika kama alivyolisema:

"Macho yangu ya mwisho nimeyamalizia kwenye vyuma. Ningejua, ningeyatumia kumtazama Kabula."

Akainuka, akashika ukuta, akatoka.

Mwezi wa sita Kabula alikuwa hapa likizo, wiki nne nzima. Jicho la kushoto lilikuwa bado linaona uso wa mtu kwenye mwanga wa dirisha, kama mtu akisogea karibu. Ana miaka kumi na minne, mwaka huu amekuwa mrefu ghafla na uso wake unabadilika. Siku moja alisimama kando ya meza na sweta lake jipya la shule, akamwomba baba yake amwangalie alivyokua. Masanja akasema, subiri kidogo mwanangu, nimalize mstari huu. Alipomaliza mstari, jua lilikuwa limeondoka dirishani. Kesho, akamwambia. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Na siku ya tatu mtoto aliposogea tena, mimi ndiye niliyemwita jikoni nikamwambia asimsumbue baba yake, ana kazi.

Mimi.

Siku ya Kabula kuondoka, Masanja alimshika mashavu kwa viganja pale stesheni. Uso alionao kichwani ni wa mtoto wa mwaka jana, na hatapewa mwingine.

Nimekuwa nikijaribu kuipiga hesabu hii tangu nikae hapa. Kama ningeagiza ile nzima, wasichana wangekuwa wanaitumia tangu Januari, na Nyamizi angeingia kwenye mtihani akiijua. Masanja angekaa kitandani na viatu, labda, akinywa gongo kama alivyoanza mwaka jana, labda asingefika hata mwezi wa sita. Au angekaa dirishani akitazama. Ng'ombe watano, mmoja kilema. Binti yake kwenye sweta. Sijui. Ninafundisha hesabu na hii haina jibu upande wowote ninaoanzia. Ninachojua ni kwamba sikumchagulia yeye peke yake. Niliogopa kuishi na mwanamume asiye na kazi ya kuamkia. Nilijichagulia na mimi.

Kesho kabla ya mstari nitakuwa mlangoni kwa Sista Domina. Nimejaribu kuandika hapa pembeni nitakavyoanza. Sentensi zote zimetoka na "tulijaribu" na "tulikosea". Nimezifuta. Inabidi ianze na "nili". Halafu nitaomba aniruhusu niseme mwenyewe mbele ya kidato cha nne, na nitasema, hata kama Nyamizi ataniangalia au hataniangalia.

Hilo ndilo pekee ninaloweza kuahidi. Mengine siyaoni.

Jumapili ndiyo siku yetu ya kumwandikia Kabula. Baba yake hutaja maneno, mimi naandika, yeye anatia sahihi mahali ninapomwekea kidole. Muda mfupi uliopita niliacha daftari hili, nikaenda mpaka mlangoni nikamuuliza leo tumwandikie nini. Nikadhani hatanijibu tena leo.

"Mwambie atutumie picha," alisema, bila kugeuka.

Lori moja likapita. Vumbi likatulia.

"Hapana," akasema. "Usimwandikie hivyo."

Nimerudi jikoni. Karatasi ya barua iko mbele yangu. Nimeandika tarehe tu.